Nani Alibeba Maji? Historia ya Chujio la Nitrati, Kutoka London Hadi Kejani Kwetu

Jumamosi moja mathe alinipata nikimwaga mtungi wa lita 20 ndani ya tangi la samaki. Mfereji ulikuwa umekauka siku tisa. Huo mtungi alikuwa ameununua kwa jamaa wa mkokoteni kwa finje, badala ya mbao ya kawaida, halafu akaupandisha mwenyewe hadi orofa ya nne kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Hakupiga kelele. Aliangalia tangi, akaangalia vyombo vilivyojaa kwa sinki, akaniuliza, "Kwa hivyo hawa samaki wanaoga kuliko sisi?"

Manze, sikuwa na jibu. Niliweka mtungi chini kama mtu ameshikwa na kitu ya wizi.

Samaki wenyewe ni wa kasista kangu. Ni wale samaki wa dhahabu, wawili, Kachumbari na Ndengu. Tangi ni la lita 60, tuliachiwa na jirani aliyekuwa anahama. Kila video niliyoona ilisema kitu kimoja: kila wiki toa robo au hata nusu ya maji, weka mapya. Hizo video zinatengenezwa na watu ambao wakifungua mfereji, maji yanatoka. Huku Eastlands hesabu ni tofauti. Kwa tangi letu nilikuwa natumia mtungi mmoja kila wiki, minne kwa mwezi, na kila mtungi unapanda ngazi kwa mgongo wa mtu.

Baada ya ile Jumamosi niliacha kubadilisha maji. Nilijiambia chujio dogo tulilo nalo litatosha, si maji yalikuwa yanaonekana masafi? Baada ya wiki sita hivi Ndengu akaanza kukaa chini kabisa, hataki kula. Nikachovya kikaratasi cha kupimia. Ile sehemu ya nitrati iligeuka rangi nyekundu iliyokolea, ya mwisho kabisa kwenye kipimo. Siku mbili baadaye Ndengu alikuwa anaelea. Siwezi kuapa ni nitrati peke yake iliyomuua, lakini najua ni mimi niliyeacha maji yazeeke. Kasista kangu hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Si ulisema unajua mambo ya samaki?"

Ndio nikaanza kutafuta jinsi ya kujitengenezea chujio la nitrati kwa vitu vya hadwea. Nilipata. Nitawaeleza jinsi nilivyolitengeneza. Lakini njiani nilipata pia historia yake, na hiyo ndiyo imenifanya niandike hivi leo. Maoni yangu ni haya: historia ya akwariamu, kutoka mwanzo, ni historia ya kubeba maji. Majina tuliyoachiwa ni ya waliokuwa na wazo. Waliobeba ndoo ni vigumu kuwapata.

Kwanza, nitrati ni nini?

Samaki akila, anakunya. Hiyo taka, pamoja na chakula kilichobaki, inatoa amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Kuna bakteria wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Halafu kuna bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Chujio la kawaida, lile la sponji na pampu, kazi yake kubwa ni kuwa nyumba ya hawa bakteria. Basi. Linaishia hapo.

Nitrati haiui haraka kama ndugu zake. Shida ni kwamba haina pa kwenda. Fikiria takataka za ploti: umefagia mlango wako, jirani amefagia mpaka ngazi, mwingine amesukuma mpaka geti. Kila mtu anaona kwake ni kusafi, lakini lori halijawahi kuja. Rundo la getini ndiyo nitrati.

Kuna njia tatu za kuitoa. Ya kwanza ni kumwaga maji na kuweka mengine. Ya pili ni kuwapa mimea, kwa sababu nitrati ni mbolea. Ya tatu ni kutumia bakteria wa aina nyingine, wale ambao wakikosa oksijeni wanaivuta kutoka kwa nitrati yenyewe, na kinachobaki kinatoka kama gesi ya naitrojeni na kurudi hewani. Binadamu walichukua muda mrefu kuelewa hii ya tatu, na walipitia kwa ndoo.

Msichana wa dirishani

Mtu wa kwanza wa kutajwa hapa ni mshonaji nguo. Jeanne Villepreux-Power alitoka kijiji kidogo Ufaransa, akaenda Paris kushona, na mwaka wa 1816 alifanya kazi kwenye gauni la harusi la binti mfalme. Akaolewa na mfanyabiashara, wakahamia Messina, kisiwani Sicily. Huko alitaka kujua kama mnyama fulani wa jamii ya pweza hutengeneza gamba lake mwenyewe au huliiba. Mwaka wa 1832 akatengeneza masanduku ya vioo ya kuwaweka hai amchunguze taratibu. Jibu: hulitengeneza mwenyewe. Lakini Jeanne alikuwa Messina, bahari iko hapo nje. Maji mapya hayakuwa shida kubwa.

Shida ilianza watu walipotaka bahari ikae mjini.

Mwaka wa 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster, London, alirudi kutoka pwani na matumbawe hai. Pwani iko mbali, na maji ya chumvi aliyokuja nayo yalikuwa kidogo. Akagundua kwamba yakimwagwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, yanapata hewa na yanaweza kutumika tena. Ilihitajika nusu saa, hadi dakika 45, ya kumwaga na kumwagua. Unadhani ni yeye aliyekuwa akimwaga? Alikuwa na msichana wa kazi. Miaka kadhaa baadaye Anna aliandika kuhusu majaribio yake, na anakubali kwamba ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini anasema msichana alikuwa anapenda kumsaidia na aliiona kama mchezo.

Kama mchezo! Niliposoma hapo nilikumbuka mathe kwa ngazi. Jina la huyo msichana halimo kwenye maandishi hayo. Mikono yake ndiyo iliyokuwa pampu, siku baada ya siku, na kwenye historia amebaki kuwa "msichana wa kazi".

Mwaka uliofuata Anna aliweka mwani ndani ya maji, na mwani ukaanza kufanya sehemu ya ile kazi. Hiyo mimi naihesabu kuwa hatua ya kweli. Mtu alipata kupumzika.

Baba na mwana

Sasa sikiza hii, kwa sababu hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Mwaka wa 1849, palepale London, mkemia aitwaye Robert Warington aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Wazo lake lilikuwa kwamba samaki anatoa hewa chafu, mmea unaitumia na kutoa oksijeni, kwa hivyo maji hayahitaji kubadilishwa. Ilienda poa mwanzoni. Halafu majani yakazeeka, yakaoza, maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa majini. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatakata, na mwaka wa 1850 akachapisha matokeo yake. Samaki, mmea, konokono: kila mmoja na kazi yake.

Watu wakapagawa. Ushuru wa vioo ulikuwa umefutwa Uingereza mwaka wa 1845, vioo vikawa bei nafuu. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa umma, na Philip Henry Gosse, aliyesaidia kuijaza, akatoa kitabu mwaka wa 1854 kilicholieneza jina "akwariamu". Kila familia yenye doh kidogo ikataka tangi sebuleni. Lakini wengi walirundika samaki kupita kiasi, maji yakanuka, samaki wakafa, na kufikia miaka ya 1860 ile homa ilikuwa imepoa. Yaani nilichomfanyia Ndengu, watu walishawafanyia samaki wao miaka zaidi ya 150 iliyopita, na kwa kosa lilelile: waliamini maji yakionekana safi, ni safi.

Aliyekaribia jibu ni William Alford Lloyd, muuzaji wa vifaa vya akwariamu. Alipotengeneza akwariamu ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka wa 1871, aliweka hifadhi ya maji chini ya jengo, gizani, kubwa mara kadhaa kuliko matangi ya juu. Pampu za mvuke zilizungusha maji bila kusimama na maji yaleyale yakatumika kwa muda mrefu. Aliona kwamba maji mengi, giza na mzunguko vinasafisha. Nani hasa alikuwa anasafisha humo gizani, sayansi ya wakati huo haikuwa imefika.

Jibu lilikuja mwaka wa 1877 kutoka Paris, na halikutoka kwa watu wa samaki. Wakemia wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walikuwa wanashughulikia maji taka. Walijaza mchanga na chokaa kidogo kwenye mrija wa mita 1, wakapitisha maji taka polepole. Siku 20 hakuna kilichobadilika. Baada ya hapo amonia ikaanza kupotea na nitrati ikaanza kutokea. Kama ingekuwa kemia ya kawaida tu, kwa nini isubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa kloroformu, ile dawa iliyokuwa ikitumika zamani kulaza wagonjwa. Kazi ikasimama. Kumbe ndani ya mchanga kulikuwa na viumbe hai, na vilihitaji muda wa kuzaana.

Ukishawahi kuanzisha tangi jipya, hizo siku 20 unazijua. Ndio zile wiki tatu nne unazoambiwa usubiri kabla ya kujaza samaki. Na ukiangalia vizuri, mrija wao wa mchanga ulikuwa chujio la kujitengenezea.

Haya, turudi kwa Warington. Alikuwa na kijana aliyeitwa Robert pia, ambaye wakati wa jaribio la samaki alikuwa na miaka 11 hivi. Huyo kijana alikua akawa mkemia wa kilimo, na kuanzia mwaka wa 1876 alifanya kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nje ya London. Aliposikia habari za Paris akaanza majaribio yake mwenyewe, akayaendeleza miaka mingi. Aligundua kwamba kazi ina hatua mbili na wafanyakazi wawili: mmoja anageuza amonia kuwa nitriti, mwingine nitriti kuwa nitrati. Mwaka wa 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi aliyezaliwa Kyiv na aliyekuwa akifanya kazi Zürich, akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Umeshika? Baba aliweka samaki kwenye kioo, akasema kuna mizani, lakini hakumwona mfanyakazi mkuu wa hiyo mizani. Mwana alimfikia mfanyakazi huyo miaka 30 baadaye, kwa udongo wa shamba. Baba alikufa mwaka wa 1867, kabla ya haya yote. Mimi huwa nafikiria wangekaa meza moja wakiongea, mmoja akisema "samaki", mwingine "shamba", mpaka wagundue wanaongea kitu kimoja.

Na ile njia ya tatu? Ilipatikana Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880. Ulysse Gayon na Gabriel Dupetit walionyesha kwamba kuna bakteria ambao, wakikosa hewa na wakipewa chakula, wanavunja nitrati mpaka itoke kama gesi. Kwa hivyo kufikia mwisho wa karne ya 19, elimu yote ya kutengeneza chujio la nitrati ilikuwa imeandikwa. Watu wa samaki walichukua miaka mingi zaidi kuitumia kwa makusudi.

Jakarta na mawe yaliyo hai

Kuna jina lingine ambalo ningependa mlijue, kwa sababu stori ikibaki Ulaya tu haijakamilika. Lee Chin Eng aliishi Jakarta, Indonesia. Mwaka wa 1961 aliandika kwenye jarida la Marekani la wapenda samaki akaeleza jinsi anavyofuga samaki wa baharini na matumbawe bila mitambo mikubwa. Alichukua mawe ya baharini pamoja na viumbe vyake vyote, akaongeza maji ya bahari, jua, na viputo vichache vya hewa.

Leo tunaelewa vizuri kwa nini ilifanya kazi. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi. Juu yake kuna oksijeni, kwa hivyo bakteria wa amonia na nitriti wanaishi hapo. Ndani kabisa oksijeni imeisha, na hapo ndipo wale wa nitrati wanafanya kazi. Jiwe moja, orofa mbili. Baadaye Wajerumani wa Berlin wakaijenga mbinu yao juu ya mawe kama hayo, na huko Monaco Jean Jaubert akatumia mchanga mzito uliolazwa juu ya nafasi ya maji yasiyo na oksijeni nyingi. Wazo ni lilelile: tafuta pahali ambapo hewa haifiki, halafu uwe na subira.

Sasa kejani kwetu

Chujio nililotengeneza ni la mrija wa kuzungushwa. Vitu ni hivi: paipu ya maji taka ya inchi 4, urefu wa sentimita 50 hivi, na vifuniko viwili. Mita 15 za mrija mwembamba. Mawe mepesi yenye matundu, yale ya kusugulia visigino, nikayavunja vipande. Na mrija wa dripu kutoka kwa duka la dawa, kwa sababu una kile kigurudumu cha kupunguza na kuongeza matone. Hicho kigurudumu ndicho moyo wa kazi yote.

Mrija mwembamba unauzungusha ndani ya paipu kama springi. Maji ya tangi yanaingia juu, yanazunguka mita zote 15 mpaka chini, halafu yanapanda polepole kupitia mawe na kutoka juu kwa dripu, tone moja kila sekunde hivi. Ukipiga hesabu ni kama lita 4 kwa siku. Bakteria wa mwanzo wa mrija wanamaliza oksijeni yote. Maji yakifika kwa mawe hakuna hewa, na wale wa Bordeaux wanaanza kazi. Wanahitaji chakula, kwa hivyo mara moja moja niliweka chembe chache za sukari. Chembe, si kijiko. Ukizidisha unaharibu.

Wiki mbili za kwanza hakuna kitu. Nilikuwa nampigia Kachumbari hesabu ya siku kama mtu anasubiri matokeo ya KCSE. Wiki ya tatu kikaratasi kikaonyesha nitriti kwenye matone. Hii ni hatari, na msiipuuze: chujio likiwa nusu njia linatoa nitriti, na ukiirudisha kwa tangi unaua samaki. Matone yote niliyaelekeza kwa ndoo. Wiki ya tano nyumba ikaanza kunuka mayai yaliyooza. Msimamizi wa ploti alipanda akidhani choo kimepasuka. Kumbe nilikuwa nimefunga dripu sana. Maji yakikaa mno bila oksijeni, nitrati ikiisha, bakteria wengine wanaanza kutoa gesi yenye harufu hiyo, na nayo ni sumu. Nikafungua kigurudumu kidogo. Mathe aliangalia tu, akasema, "Na hiyo ndiyo ya kusafisha?"

Wiki ya saba nikapima matone: nitriti hakuna, nitrati hakuna. Nikapima tena. Nikamwita kasista aone. Ndipo nikayaelekeza kwa tangi.

Lakini hayo maji yakitoka kwa paipu hayana oksijeni kabisa. Kwa hivyo nilipandisha mdomo wa dripu juu, ili kila tone lianguke hewani kabla ya kugusa maji. Na nikiwa nimesimama hapo karibu na dirisha nikiangalia tone, tone, tone, nikamkumbuka yule msichana wa London. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliifanya kwa mikono, dakika 45, na mtu akaiita mchezo. Mimi inafanywa na kigurudumu cha dripu nikiwa nimelala.

Baada ya miezi miwili nitrati ya tangi ilishuka hadi kati ya 20 na 40 kwenye kipimo. Kachumbari anakula vizuri. Bado nabadilisha maji, kwa sababu kuna madini ambayo chujio halirudishi na uchafu ambao halitoi, lakini ni mtungi mmoja kwa mwezi badala ya minne. Huo mtungi naubeba mwenyewe.

Kitu ambacho mathe alikuwa anajua

Hapa ningemaliza nikijipigia makofi, lakini kuna jambo moja.

Zile wiki za nitriti, nilikuwa nabeba ndoo ya matone na ya maji machafu ya tangi kwenda kumwaga. Siku moja mathe akanizuia. Ana magunia manne ya sukuma wiki huko juu kwa paa. "Hayo maji unayamwaga kwa nini? Lete hapa." Akamwagia sukuma. Baada ya wiki chache zile sukuma zilikuwa na majani mapana, ya kijani iliyoiva, kuliko za jirani.

Nilicheka mwenyewe. Yule Warington mdogo alifanya kazi kwa shamba, akichunguza hata nitrati inayooshwa na mvua ikapotea kutoka udongoni, kwa sababu mkulima anaitaka ibaki. Mimi nilikuwa nimejenga mtambo wa kuigeuza mbolea kuwa hewa, na huko juu ya kichwa changu mathe ana mimea inayoililia. Ile njia ya pili, ya mimea, ilikuwa kwetu miaka yote. Nilikuwa naiangalia kama kazi ya mathe, si kama sayansi.

Na ukitaka kuona nitrati ikikosa mtu wa kuisimamia, nenda uangalie Nairobi Dam, pale karibu na Kibera. Wazee wanakumbuka watu wakiendesha mashua pale. Sasa maji taka yameingia, na magugu maji yamefunika. Magugu yanakula nitrati kama sukuma, ni kweli. Lakini yasipovunwa, yanaoza na kurudisha kila kitu ndani ya maji. Ni yale majani ya Warington yaliyooza kabla hajaleta konokono, sema haya ni makubwa mno kwa konokono.

Kwa hivyo kama unataka kuanza, ushauri wangu ni huu. Kama una nafasi ya mimea, anza na mimea. Hata tawi la money plant likiwekwa mizizi yake ndani ya maji ya tangi linasaidia, na maji machafu mpe mwenye sukuma. Kama huna nafasi, au mimea haitoshi, jenga la mrija, lakini usirudishe tone kwa tangi mpaka umepima nitriti mara mbili. Na kabla ya yote, uliza nani nyumbani kwenu anabeba maji. Huyo ndiye ana haki ya kuamua kama kutakuwa na tangi.

Sisi tulikaa tukaongea, mimi, mathe na kasista. Makubaliano ni kwamba samaki wanabaki, mtungi wa mwezi ni wangu, na maji yakitoka kwa tangi hayapiti mlango mwingine isipokuwa wa kwenda kwa paa. Kasista anataka samaki wa pili, ati Kachumbari amekuwa mpweke. Mathe amesema tungoje mpaka mvua ianze. Ameshafikiria na jina: anataka aitwe Sukuma.